Bawa la Mbele, Ngazi ya Saba

Timu yangu inaitwa Unyanyembe.
Ina magari mawili, madereva wawili wasiokula wala kudai mshahara,
na meneja mmoja wa Isevya, mwenye grisi kwenye kucha,
anayefungua simu saa nne usiku
mashine za kusaga za mji huu zikishanyamaza.

Miezi mitatu nimelilea bawa la mbele.
Ngazi ya nne. Ngazi ya tano. Ya sita.
Kila ngazi saa kumi na nane za kungoja
na sarafu ambazo hazipo, lakini zinauma zikitoka.
Nyamizi akaniuliza, "Unalea nini humo?"
Nikasema, bawa.
Akatazama chini ya kitanda, kama anayetafuta kuku.

Jumapili, mbio za kumi na moja, mvua ya kuchorwa,
nikamaliza wa kumi na nne.
Kwa bawa la ngazi ya tatu nilikuwa wa kumi na tatu.
Nieleze, wewe uliyeiandika hesabu hii:
bawa linakua, gari linarudi nyuma,
na wewe unaniletea mshale wa kijani
unaosema "maendeleo".

Mbele yangu yuko mtu anayejiita Theluji.
Sijui anaishi wapi; mimi nikilala ndiyo anaamka.
Habuni kitu. Anasubiri tubuni,
kisha anabonyeza Nakili,
na kukipambazuka ana bawa langu, ana injini ya yule wa nyuma yangu,
ana breki za mtu aliyezikesha wiki nzima.
Kashona viraka vyetu sote,
kawa bwana harusi.

Leo mchana nilikuwa Cheyo, kwa mama Kasanda.
Kinu chake kinalia, unga unatoka na moto.
Nikaegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma,
mpini nikautia sikioni,
nikaisikia beringi ikisaga meno,
ile ya kushoto, ya ndani.
Nikaitoa. Nikamwonyesha goroli lililopasuka.
Akasema, "Kumbe ni haka!"
Akalipa, akanifungashia na dona kilo mbili.

Basi hiyo ndiyo hasira yangu, sina nyingine.
Kwenye simu, bisibisi naegemeza wapi?
Gari langu linaumwa na mimi ni fundi
na sijawahi kulisikia hata likikohoa.

Jioni ikaja taarifa: msimu unaisha,
sehemu zote za magari yote zitashushwa ngazi tatu,
"ili wageni nao wapate nafasi".
Mlekwa, kijana wangu wa karakana, akacheka mpaka spana ikamdondoka.
"Fundi, si uufute tu?"
Sikumjibu. Nilikuwa nanawa mikono kwa mafuta ya taa,
na ubeti ukajitunga wenyewe kwenye beseni:

Kibaba nakijaliza, haba na haba kwa siku,
Chini nikikichunguza, tundu la jino la buku,
Mwenye kibaba kajuza: ndiyo sheria ya huku!
Mie bado nakijaza, mchana hata usiku.

Saa tano sasa. LUKU imebaki yuniti mbili,
simu asilimia tisa.
Ya saba ikikamilika kesho saa kumi na moja jioni
nitakuwa nayo siku nne
kabla hawajaja na panga lao kuirudisha ya nne.
Siku nne. Mbio moja.
Hata mtoto wa darasa la pili angeniambia niache.

Nyamizi amegeukia ukutani.
Huko stesheni treni ya Mpanda inapiga honi,
nzito, ya chuma, ya kitu kinachovuta kitu.

Nikabonyeza Tengeneza.
Sarafu zikashuka, saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma,
na sijui kwa nini, kabla taa haijazimika,
nikaichukua simu nikaitia sikioni
kama mpini wa bisibisi.

Kimya.
Nikaiacha palepale.